Aliyefunua Pazia la Mama Soli

Mwanamke alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza ya kukatia ngozi na kabati lililoanguka. Damu ilikuwa imegandisha nywele zake upande wa kushoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeshika kiatu cha mtoto, kimoja tu, kilichoshonwa nusu.

"Anapumua," alisema mhudumu wa gari la wagonjwa. "Kwa mbali, lakini anapumua."

"Basi mnangoja nini?" aliuliza Inspekta.

Walipomtoa, Inspekta hakuwafuata. Alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akitazama. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mzito wa kutembea, na kituoni walimwita Kobe. Walimwita hivyo kisirisiri, lakini yeye alijua. Siku moja, mbele ya watu, alimwambia mkuu wa kituo kwamba kobe akiinama ujue anatunga sheria. Tangu hapo waliendelea kumwita Kobe, ila kwa heshima.

Rafu za chumba kile zilijaa viatu vya watoto, na hakuna jozi iliyofanana kushoto na kulia. Kimoja kina soli nene kuliko mwenzake. Kingine kina mkanda wa kukaza kifundo. Kingine kimepindishwa makusudi ili kiunyooshe mguu uliopinda. Kila kisigino kilimalizwa kwa mshono mmoja mwekundu. Mwenye kazi ile wateja walimwita Mama Soli, na wengi wao hawakuwahi kumwona uso. Waliagiza kwa tovuti yake, mzigo ukaletwa.

"Afande," Koplo aliita kutoka mlango wa mbele. "Jamaa kaingilia hapa. Kavunja kitasa, kasukuma, na hili kabati lililokuwa limeuziba mlango likaenda chini."

"Na mlango wa nyuma?"

"Uko wazi. Una komeo la ndani, halikutiwa. Nadhani mchana kutwa ndio wanaoutumia."

Inspekta alienda hadi mlango wa nyuma, akausukuma kwa kidole. Ukafunguka bila hata kulia. Akarudi mbele, akainama kwa shida, akatazama mbao zilizochanika na mikwaruzo ya kabati sakafuni.

"Koplo, wewe ukitaka kuiba mayai, utapanda ukuta na geti liko wazi?"

"Labda kama sijui kwamba kuna geti, afande."

"Ehee," alisema Inspekta, akajishika kiuno kunyanyuka. "Labda kama hujui."

Aliyemkuta majeruhi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, msichana mwembamba waliyemwita Uzi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, viganja vimekauka damu ya dada yake, hataki kunawa.

"Ulipita wapi?" aliuliza Inspekta.

"Hapa. Sisi tunapita hapa siku zote. Mlango wa mbele dada aliuziba siku tuliyohamia."

"Kwa nini?"

"Anamwogopa mtalaka wake. Mara ya kwanza alimvunja mbavu. Mara ya pili akamwambia, ya tatu hutapitia hospitali, utapitiliza. Tukahama mji. Mama yetu mzazi hajui tunakaa wapi, anajua tu kwamba tuko hai."

"Nani mwingine anaijua nyumba hii?"

"Hakuna."

"Wateja? Anayepeleka mizigo?"

"Mizigo naipeleka mimi mwenyewe ofisi ya vifurushi. Nyumba hii ni mimi na dada, basi."

Inspekta alimtazama kwa huruma. Aliona kwamba maneno hayo yatamrudia.

Hayakukawia. Mtalaka alikamatwa kwenye nyumba ya kulala wageni, akijiandaa kuondoka. Alikuwa dalali wa magari, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno laini. Kiatu chake kilikuwa na damu kwenye mshono. Alama za vidole zilizochukuliwa kwenye kabati zilikuwa zake.

"Nimempiga," alisema. "Andika. Sina haja ya kuzunguka."

"Nani alikuonyesha nyumba?"

Dalali alitabasamu. "Muulize shemeji yangu, yule Uzi. Amechoka kufungiwa ndani kama kuku wa mayai. Alinipigia mwenyewe."

"Alikupigia kwa namba ipi?"

"Sikumbuki. Nilifuta."

"Akakwambia upitie wapi?"

"Mlangoni, nipitie wapi tena, dirishani?"

"Mlango gani?"

Dalali alimtazama kama mtu anayeulizwa jina la baba yake. "Nyumba ina mlango, mama."

"Ina miwili," alisema Inspekta, akafunga faili.

Kwa mkuu wa kituo mambo yalikuwa yamekwisha. Mpigaji kakiri, mshirika wake katajwa. Uzi alisomewa shtaka la kula njama, hakimu akampeleka rumande wiki mbili wakati upelelezi ukimalizwa. Kibaya zaidi, askari aliyeenda hospitali kuchukua maelezo, Mama Soli alipozinduka, hakujua kuuma ulimi. Alimwambia yote. Mama Soli alisikiliza, kichwa kimefungwa bandeji, kisha akageukia ukuta.

"Sina mdogo," alisema. Hakutaka kusema lingine.

"Kobe, achana nalo," alisema mkuu wa kituo. "Mtu wa pekee aliyeijua nyumba ni yule binti. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua kwa nini binti amuuze dada yake, halafu ampitishe mvamizi kwenye kabati."

"Watu wanasahau vitu."

"Mlango anaopita kila siku, mzee? Hata mimi na uzito huu siusahau mlango wangu."

Mkuu alicheka, akampa zile wiki mbili.

Simu ya Dalali ilipelekwa kwa mtaalamu wa uchunguzi. Alikuwa kijana asiyependa salamu ndefu. Aliirudisha na maneno machache: hakuna simu yoyote kutoka kwa Uzi, wala iliyofutwa. Ila kulikuwa na jambo moja la ajabu. Kila asubuhi, kwa miezi, kabla hata ya kusoma ujumbe wa watu, Dalali alifungua ukurasa uleule mmoja na kuuliza jina lilelile: jina la tovuti ya Mama Soli.

"Ukurasa gani huo?" aliuliza Koplo.

Walikwenda kuuliza kwa mtu aliyemuuzia Mama Soli lile jina. Wateja wake walimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha shule kabla hajaanza biashara, na mpaka leo hawezi kueleza kitu bila kuandika ubaoni. Duka lake lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la miwani, na feni iliyozunguka ikilalamika.

"Tuseme kila tovuti ni nyumba," alisema, huku anachora. "Jina lake ni kibao cha mlangoni. Sisi wauza majina tuko wengi. Lakini iko ofisi moja tu iliyopewa kazi ya kutunza majina yote na wenyewe. Ina ukurasa wa kuulizia. Unaandika jina la tovuti, unaletewa mwenyewe ni nani, simu yake, na anakaa wapi."

"Analetewa nani?"

"Yeyote anayeuliza. Bure. Hata mlevi."

"Sasa hilo nani alilitunga?" aliuliza Koplo.

"Mwanzo lilikuwa jambo jema. Tovuti ikikutapeli, umjue wa kumshika. Na ninyi polisi ndio mnaoongoza kwa kuulizia."

Inspekta alikubali kwa kichwa. Ilikuwa kweli.

"Ila siku hizi wenye tovuti si makampuni peke yake," aliendelea Mwalimu. "Ni mama anayeshona viatu sebuleni. Kwa hiyo tunaweka pazia. Ukiuliza tovuti yake, unaletewa jina la duka langu na simu ya duka langu. Wenzangu wengine pazia wanaliuza. Mimi natoa bure. Ndiyo maana nina wateja, na ndiyo maana sipendwi."

Koplo aliufungua ukurasa hapohapo. Tovuti ya Mama Soli ilikuwa na pazia. Jina la duka, simu ya duka.

"Kwa hiyo Dalali alikuwa anakodolea pazia kila asubuhi," alisema Koplo. "Hakuona kitu."

"Mtu hatikisi mlango kila asubuhi bila kutumaini kwamba siku moja ataukuta haujafungwa," alisema Inspekta. "Mwalimu, nani anaweza kulifunua pazia hili?"

"Mimi. Na ile ofisi ya ukurasa. Hakuna wa tatu."

"Kwa hiyo ama wewe, ama wao."

"Ama mimi, ama wao," alisema Mwalimu. Hakukwepesha macho.

Ofisi ya ukurasa ilikuwa na sakafu inayong'aa na dirisha la kuhudumia wananchi. Mkurugenzi wake aliwapokea kwa soda baridi. Alikuwa mpole, mvi zimempendeza.

"Pazia la mteja huyo halijawahi kushuka, Afande. Kama limeshuka, muulizeni aliyelitundika. Yule Mwalimu anagawa bure kitu ambacho wenzake wanakilipia. Cha bure hakikosi tundu."

Nje, Koplo alisema, "Huyu anasema yule, yule anasema huyu. Tumerudi palepale."

Inspekta alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Alikuwa anaelekea rumande.

Uzi alikuwa amekonda zaidi, kama kwamba palikuwa na nafasi ya kukonda. Inspekta alikaa naye kwenye benchi moja, si ng'ambo ya meza.

"Mwanangu, siku zile kabla ya tukio, kuna kitu kilibadilika nyumbani?"

"Hakuna, mama."

"Hata kitu cha kipuuzi."

Uzi alifikiri. "Simu. Zilianza simu za watu wa kuuza vitu. Huyu anauza nembo, huyu bima, huyu anataka kututengenezea tovuti na tunayo. Dada akasema labda namba yetu imeandikwa ukutani chooni."

"Ya kwanza ilikuwa ipi?"

"Ya kwanza alikuwa dada mmoja mwenye sauti tamu. Alisema habari zetu zimeanikwa mtandaoni, tuhamie duka lao watatufunika. Dada aliitupa sindano. Akaenda kwenye ule ukurasa wa kuulizia majina kuangalia. Pazia lipo. Akasonya, akasema matapeli wakubwa, akakata."

"Uliliona mwenyewe?"

"Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nina uzi mdomoni. Lilikuwepo."

"Na simu zilipozidi, hakuangalia tena?"

"Mtu akishakudanganya kwamba kuna simba, utatoka mara ya pili na panga?"

Inspekta alifunga daftari lake. Kisha akampapasa msichana begani, akasimama.

Garini alimuuliza Koplo, "Mtu anayekuuzia mwavuli na jua linawaka, utamwitaje?"

"Mtabiri wa hali ya hewa."

"Au mtu aliyepanda juu ya paa na ndoo ya maji."

Koplo aliacha kucheka.

Mtego aliouweka Inspekta ulikuwa mwepesi, na ndiyo maana ulikuwa mzuri. Kwa kibali cha mkuu wa kituo alitengeneza biashara isiyokuwepo, ya kufua mazulia. Akaenda kwa Mwalimu kama mteja mwingine, kupitia kwa askari wa kike ambaye Mwalimu hakumjua, akanunua jina la tovuti na pazia lake. Anwani aliyotoa ilikuwa nyumba tupu ya polisi. Namba aliyotoa ilikuwa ya simu nyeusi, mpya, isiyojulikana na mtu.

Kisha akatumia kanuni ya ile ofisi yenyewe. Mwenye jina la tovuti ana haki ya kwenda dirishani na kurekebisha namba yake ya simu, na muuzaji wake hapewi habari mpaka taarifa za mwisho wa mwezi zitoke. Askari yuleyule akaenda dirishani, akarekebisha. Namba ya sasa ilikuwa ya simu nyeupe.

Inspekta alizilaza simu mbili mezani kwake.

"Mwalimu anaijua nyeusi tu," alimwambia Koplo. "Nyeupe wanaijua ofisini peke yao. Kazi yako ni kuulizia tovuti yetu kila mara, uone kama pazia lipo. Kazi yangu ni kukaa."

"Hiyo ya pili unaiweza, afande."

"Ndiyo maana nimeichukua."

Alikaa. Siku zilipita, simu kimya. Askari wakawa wanachungulia mlangoni.

"Afande, zitaanguliwa lini?"

"Kobe anaatamia Nokia, jamani. Msimshtue."

Inspekta hakukasirika. Alikuwa na subira ambayo watu huiona kuwa uzembe mpaka siku inapozaa. Alikunywa chai yake, akapanga mafaili, akazitazama simu zake. Wiki ya pili ilipofika katikati, na Koplo ameanza kusema labda waombe siku zaidi kwa hakimu, simu moja ikalia.

Ilikuwa nyeupe.

Koplo alirukia kompyuta. Inspekta aliacha iite kidogo, kama mtu mwenye mikono ya mapovu.

"Halo?"

"Shikamoo mama," ilisema sauti tamu. "Naongea na mwenye biashara ya mazulia?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye."

"Pole na kazi. Mama, nimekupigia kwa wema tu. Habari zako zimeanikwa mtandaoni. Jina, simu, mpaka nyumba unayokaa. Yule aliyekuuzia jina hajakufunika vizuri."

Inspekta alimwangalia Koplo. Koplo alitazama kioo, akatikisa kichwa, akafanya kwa mikono miwili kama anayevuta pazia kulifunga. Lipo.

"Masikini mimi. Tangu lini?"

"Tangu asubuhi, mama. Ila usiogope. Ukihamia kwetu tunakufunika leo leo."

"Kwenu ndiyo wapi, mwanangu?"

Msichana alitaja duka. Inspekta alisema atafikiria, akamshukuru, akamuombea heri.

"Pazia lipo, afande," alisema Koplo. "Kapiga kabla."

"Endelea kuangalia."

Walikula chakula cha mchana kwa zamu. Inspekta alikuwa anafuta mikono Koplo alipoita, sauti imeshuka kama mtu aliye msibani.

"Limefunuliwa. Njoo uone. Nyumba ya polisi hiyo, na namba ya nyeupe."

Kabla jioni haijaingia, simu nyeupe ilikuwa imeshapigwa na muuza nembo, muuza bima, na mtu aliyetaka kuwafundisha Kiingereza. Nyeusi haikulia hata mara moja.

Mwenye duka lile aligunduliwa kwa ulizo moja tu: alikuwa shemeji wa Mkurugenzi, kaka wa mkewe. Waliingia na hati ya upekuzi. Msichana mwenye sauti tamu alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na hakuelewa kosa lake ni nini.

"Majina naletewa asubuhi na bosi," alisema. "Natakiwa nipige baada ya chakula cha mchana. Lakini juzi mtoto alikuwa na kliniki, nikawahi kupiga nikaondoka."

"Na yule mama wa viatu vya watoto, unamkumbuka?"

"Namkumbuka, alinisonya. Siku ile pia ilikuwa ya kliniki. Kwani kuna nini, mama?"

Inspekta alimtazama mtoto aliyelala mgongoni. "Kliniki yako imemwokoa mtu, mwanangu. Kaa, uandike maelezo."

Chumba cha mahojiano hakikuwa na sakafu inayong'aa. Mkurugenzi alikaa wima, koti limefungwa vifungo vyote. Inspekta alimwagizia soda baridi.

"Ukurasa ni wa wazi," alianza Mkurugenzi. "Umewekwa wazi kwa kanuni. Ninyi wenyewe mnautumia kukamata matapeli."

"Tunautumia. Na tutaendelea."

"Sasa kosa langu ni lipi?"

"Mwezi huu nilinunua jina kwa Mwalimu, nikatundika pazia. Namba ya simu nikaileta kwako peke yako. Msichana wa shemeji yako akanipigia kwa namba hiyo, akaniambia nimeanikwa. Nilikuwa bado sijaanikwa. Ukanianika baada ya chakula."

Mkurugenzi alitazama mlango.

"Wewe ni refa, bwana. Umepewa filimbi na timu zote. Kumbe chini ya shati umevaa jezi."

"Sikumpiga mtu."

"Sijakuuliza kuhusu kupiga. Nakuuliza ulifunua mapazia ya wateja wa nani."

"Wa Mwalimu."

"Wote?"

"Wachache wachache. Siku moja mbili, kisha narudisha." Alishika glasi, hakunywa. "Wakisumbuliwa na simu wanachukia, wanahama. Wanahamia kwa shemeji. Hakuna aliyeumia."

Inspekta alifungua faili, akaweka mezani picha ya Mama Soli kati ya meza na kabati. Kisha picha ya kile kiatu.

Mkurugenzi alitazama kiatu muda mrefu kuliko alivyotazama damu.

"Kwa nini?" aliuliza Inspekta. Sauti yake haikupanda.

"Ule ukurasa niliujenga mimi," alisema Mkurugenzi hatimaye. "Wakati hakuna aliyejua tovuti ni nini. Majina ya kwanza niliyaandika kwa mikono hii. Wauza majina walipokuja kufungua biashara, mimi nikakatazwa kuuza, eti mtunzaji asiuze. Sawa. Nikawaona wakikua juu ya mgongo wangu. Kisha anatokea mwalimu wa shule, ana feni moja, anagawa mapazia bure, na watu wanamwita mkombozi. Mimi nililima, yeye anavuna, na mimi ndiye ninayemshikia kikapu. Unajua inavyouma?"

"Najua inauma."

"Sikujua kama kuna mtu anajificha. Naapa. Ningejuaje?"

"Usingejua," alisema Inspekta. "Ndiyo maana ya pazia. Anayelifunga hana haja ya kukueleza sababu. Wewe uliona wateja. Nyuma ya moja alikuwepo mwanamke anayesikiliza hatua za watu barabarani."

Mkurugenzi alifungua kifungo cha juu cha koti. Halafu akaomba karatasi, akaandika maelezo yake mwenyewe mpaka mwisho, mwandiko mzuri, na akatia sahihi kila ukurasa bila kuambiwa.

Dalali aliletewa habari mahabusu. Alipojua kwamba hakuna tena wa kuanguka naye, tabasamu lilimtoka.

"Mtoto wa rafiki yangu alikuwa na viatu vyenye mshono mwekundu kisiginoni," alisema. "Nikaujua mkono wake. Nikapata tovuti. Nikawa nauliza kila asubuhi. Siku moja nikakuta kweupe: barabara, namba ya nyumba. Nikaenda."

"Ndiyo maana ukapita mbele. Karatasi haisemi habari za mlango wa nyuma."

"Uzi wala hakunipigia. Nilitaka tu dada yake abaki peke yake. Asiwe na mtu."

Koplo, ambaye hajawahi kukosa neno, alitoka nje ya chumba.

Mkuu wa kituo alisaini karatasi za kumwachia Uzi bila kubishana. Alipomaliza alisimama, akampa Inspekta mkono mbele ya askari wote, na hakusema kitu. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Hospitalini, Mama Soli alikuwa bado anautazama ukuta. Inspekta alivuta kiti, akakaa kwa uzito wake wote, akaanza kueleza. Alieleza taratibu, kama alivyofanya kila kitu: mlango wa mbele na mlango wa nyuma, ukurasa, simu mbili, sauti tamu, kliniki ya mtoto. Alieleza alichoandika Mkurugenzi. Alieleza alichosema Dalali, na neno lake la mwisho pia, kwa sababu aliona mwanamke huyu ana haki ya kulijua.

Mama Soli hakugeuka. Bega lake ndilo lililosogea.

"Mimi nilisema sina mdogo," alisema.

"Ulisema."

"Alisikia?"

"Alisikia. Askari wetu ana mdomo. Nimeshamshughulikia."

Muuguzi alipita na kitoroli chake, akaona uso wa Inspekta, akaenda kuanzia wodi nyingine.

"Yuko wapi sasa?"

"Nje, kwenye benchi. Ametoka rumande moja kwa moja hapa. Nimemwambia aingie, amesema hataingia mpaka aitwe."

Mama Soli aligeuka, polepole kwa sababu ya kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alimtazama Inspekta kama mtu mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyemwacha mtoto nje juani.

"Amekula?" aliuliza.